Ushuhuda wa Sehemu Mbili

Bibi Subilaga alikuwa ameshavuka kijito cha pili, kikapu kichwani na fimbo mkononi, wakati mkamwana wake Atupele alipomfikia akihema.

"Mama, ungengoja angalau kidonda kikauke."

"Nimekingoja miaka sita," bibi akasema bila kusimama. "Sasa kinifuate chenyewe."

"Na watu wakikuuliza huko unakwenda wapi na mguu huo?"

"Nitawaambia namfuata Yesu."

"Na mguu?"

"Mguu nao unamfuata, ila taratibu."

Atupele hakucheka. Alimkalisha juu ya jiwe, akamfungua kitambaa kilichokuwa kimeloa, akamfunga kingine. Alimwekea kikapuni chumvi ya mawe na kanga kuukuu mbili za kuchana, akamshika mkono kwa muda, kisha akarudi nyumbani bila kugeuka, maana wote wawili walijua angegeuka angeanza kulia.

Huyu Subilaga alikuwa mtu wa kuhamahama tangu usichana. Darasa la kwanza na la pili alisoma mahali pamoja, la tatu akalikuta kwingine baada ya miaka minne, na kozi ya uuguzi aliisoma nusu, kwa sababu mwalimu alihama naye akahama. Alipikia wajenzi wa barabara, alishona mashuka ya hospitali, alizika mume. Alipofika miaka sitini na nane aliona kwamba njia zote alizowahi kupita alizipita kwa sababu zake mwenyewe, na ile moja aliyoitiwa alikuwa akiiahirisha. Watu wa kwao waliiita Njia ya Wafuasi. Walisema Bwana aliipita akiwa amebeba mti wake, na kwamba anayemfuata hupewa wake. Kidonda cha mguuni kilipogoma kupona, Subilaga hakusema kwamba ndio mti aliopewa. Alisema tu kwamba hawezi kukiacha nyumbani.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Mawe, jua, watu wanaosalimia na watu wasiosalimia. Wiki ya tisa alifika mbele ya ukuta mweupe wenye lango, na juu ya lango yalikuwa yameandikwa maneno: UMEFIKA.

Langoni alikaa karani mwembamba aitwaye Timilifu, nyuma ya meza yenye mihuri mingi. Kila alipotaka kukohoa aligonga meza kwa muhuri ili sauti zichanganyike, kwa hiyo karatasi zake zote zilikuwa zimegongwa muhuri mara tatu au nne.

"Tayari?" akauliza. Hiyo ndiyo salamu ya nchi ile, na nchi yenyewe huitwa Tayari.

"Bado," bibi akajibu, akidhani anaulizwa kama ameshapumzika.

Karani akaweka kalamu chini. Alikuwa na miaka kumi na tisa langoni na jibu hilo hakuwahi kulisikia. Alifungua kitabu cha sheria, akatafuta, akakifunga.

"Bibi, hapa anayeulizwa tayari hujibu tayari."

"Hata kama bado?"

"Hapa hakuna bado." Akagonga muhuri, akakohoa, akagonga tena. "Nakuandika mgeni. Utapewa kiongozi akutembeze, na Ijumaa utasimama mbele ya Baraza utoe ushuhuda."

Ni vizuri kuieleza sheria yenyewe, maana ndiyo iliyoleta yote yaliyofuata. Watu wa Tayari ni Wakristo, na wanaimba vizuri kuliko nchi nyingi. Wanaamini kwamba Yesu aliteseka mateso yote yaliyokuwepo, yakaisha, na kwa hiyo mfuasi wake anayesema anaumwa anamfanya Bwana kuwa mtu aliyeacha kazi nusu. Mwenye shida yoyote huja Ijumaa mbele ya Baraza la Ushuhuda na karatasi yenye sehemu tatu: Shida, Maombi, Ushindi. Sehemu ya tatu ikishasomwa na kugongwa muhuri, shida haipo tena, na kuitaja ni kosa. Hapo zamani mtu alingoja apone ndipo asome sehemu ya tatu. Lakini foleni za Ijumaa zilirefuka, na baraza moja la watu wenye haraka likaamua kwamba, kwa kuwa mwisho unajulikana, sehemu ya tatu isomwe kwanza. Kuanzia siku hiyo nchi nzima ikapona ndani ya majuma sita. Hospitali ilifungwa, ikageuzwa ghala la kutunzia shuhuda. Kila aliyeshuhudia alipewa hati na jina jipya linalolingana na hati.

Kiongozi aliyepewa Subilaga aliitwa Nimeona. Alikuwa mwanaume wa miaka hamsini hivi, shati lake limepigwa pasi, na alitembea haraka, midomo yake ikichezacheza kama mtu anayehesabu.

"Kushoto kwako, bibi, Bustani ya Shukrani," akasema walipofika njia panda. "Tazama maua yale mekundu."

Bibi akatazama. Palikuwa na lundo la matofali na mbuzi amelala juu yake.

"Mekundu kweli?" akauliza.

"Mwaka huu yamezidi."

Mbuzi akalia. Nimeona akatega sikio. "Na mbuzi," akaongeza, "ambao huvutiwa na maua."

Walitembea mpaka mtaa wa tatu, ambapo mtu fulani alikuwa ameacha ngazi katikati ya njia. Bibi alimshika kiongozi wake kiwiko, akamzungusha, wakaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Hatua ishirini baadaye alimwuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huoni toka lini?"

"Usiniulize hivyo barabarani, bibi. Nina hati." Aliitoa mfukoni akamwonyesha, akiwa ameishika juu chini. Kisha akasema polepole, "Mwaka wa nane sasa. Nilisoma ushindi wangu siku ya pili tu baada ya macho kuanza kuwa na ukungu. Wakanipa kazi hii kama heshima. Nimeijua nchi kwa hatua. Shida ni wanaohamisha vitu."

Alimpeleka mpaka upande wa mashariki, ambako ukuta ulipakwa rangi upya kila mwaka, na mbele yake palikuwa na benchi refu la kupumzikia wageni. "Hapa nchi inaishia," Nimeona akasema kwa sauti yake ya kazi. "Nyuma ya ukuta huu hakuna kitu." Lakini alipokuwa akisema, vidole vyake vilikuwa vikipapasa ukuta, vikasimama mahali fulani. Bibi akasogea. Chini ya rangi aliona bawaba, na bawaba nyingine, na mstari mwembamba wa mbao. Lilikuwa lango. Njia ya Wafuasi iliingia Tayari upande wa magharibi na ikatoka hapo, na watu walikuwa wamelipaka lango rangi ya ukuta ili mtu asijiulize kwa nini hajaondoka.

"Nani hulifungua?" akauliza.

"Baraza. Mwenye hati kamili akiomba, hawawezi kumkatalia, ndivyo kitabu kinavyosema. Ila mwenye hati kamili hajawahi kuomba. Atakwenda kutafuta nini?"

Siku ya Ijumaa ukumbi ulijaa. Wajumbe saba wa Baraza waliketi mbele, na wote saba walikuwa wameweka kiganja cha kulia shavuni. Mwenyekiti, Mama Ushindi, alikuwa amekaa hivyo kwa miaka minne, na watu wakaona ni mkao wa hekima. Wajumbe wakauiga, halafu walimu, halafu wachumba wanapopiga picha. Alikuwa mwanamke mpole, na hakuna aliyewahi kumsikia akigomba.

"Karibu, bibi yetu," akasema. "Tuanze na sehemu ya tatu."

"Sina," Subilaga akasema. "Nina mbili tu. Nina kidonda mguuni mwaka wa sita, kinauma. Na ninamfuata Yesu. Naomba mnifungulie lango la mashariki."

Karani Timilifu akagonga muhuri mara mbili.

"Hukuomba upone?" akauliza mjumbe mmoja mnene.

"Naomba kila asubuhi."

"Basi umepokea. Sema umepokea."

"Nikipokea nitasema. Mbona haraka?"

Mjumbe mwingine, mwanaume wa sauti nyembamba, akainua mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa shavuni. "Mwenyekiti, wako watu wanaopenda vidonda vyao. Wanavikuna visipone, wapate kuonewa huruma. Huyu ni wa namna hiyo."

"Sivipendi, baba," Subilaga akamjibu. "Ukiniletea dawa saa hii, nitaipaka kabla hujakaa. Ila sikuambiwa nisimame nipone ndipo nifuate. Niliambiwa nifuate. Kama kupona kuko njiani, nitakukuta. Kama hakuko, nitakuwa nimekwenda hata hivyo."

"Na Bwana atapata sifa gani kwa mfuasi anayechechemea?"

Bibi akafikiri. Hakuwa mtu wa mahubiri, na maneno yalimjia polepole. "Yeye alipofufuka," akasema, "alitoka kaburini na alama za misumari mikononi. Hakuzificha, aliwaonyesha. Sasa angesimama hapa Ijumaa ya leo na mikono ile, mngemweka wapi?"

Karani akauliza kama swali hilo liandikwe. Mama Ushindi akasema iandikwe kwamba bibi ametoa salamu.

Mjadala wa kumfanya nini ulichukua vikao vitatu. Adhabu haipo Tayari, kwa sababu adhabu ni mateso na mateso hayapo. Kumrudisha alikotoka ni kukiri kwamba alifika na shida. Kumfungulia lango bila hati ni kukiri kwamba mtu anaweza kumfuata Bwana huku anaumwa, na hapo foleni nzima ya Ijumaa ingekosa maana. Mwishowe waliamua akae katika Nyumba ya Waliochelewa mpaka atakapokamilisha. Siku atakayotia sahihi sehemu ya tatu, lango litafunguliwa siku hiyo hiyo.

Nimeona ndiye aliyempeleka. Njiani alimsihi. "Tia sahihi, bibi. Ni mstari mmoja. Utatoka, utaendelea na safari yako, na Mungu anaujua moyo wako."

"Anaujua, ndiyo maana naogopa."

"Na mimi wataniuliza kwa nini mgeni wangu hakukamilisha. Wataipitia hati yangu upya."

"Hilo linanisikitisha, mwanangu. Lakini nikipita lango lile kwa uongo, nitakuwa nimepita mwenyewe. Yeye nitakuwa nimemwacha hapa hapa."

Nyumba ya Waliochelewa ilikuwa nyuma ya ghala la shuhuda. Waliokaa humo walikuwa wamepona wote kwa hati, ila miili yao, kwa lugha ya Baraza, ilikuwa imechelewa kupokea. Walikuwa kumi na wanne. Chakula kililetwa mlangoni. Zaidi ya hapo hakuna aliyewahudumia, maana huwezi kumhudumia mtu mzima wa afya bila kumtukana. Aliyelala karibu na mlango alikuwa mwanamke aitwaye Nimeinuka, ambaye hakuwa ameinuka tangu masika mawili yaliyopita, na mgongo wake ulikuwa umechunika mpaka nyama ikaonekana. Karibu yake alikaa fundi mwashi, Imara, aliyeanguka kutoka kwenye ukuta na kuvunjika mkono. Alishuhudia kesho yake, akarudi kubeba mawe kesho kutwa, na mfupa ukaunga ukiwa umepinda kama mundu.

"Umeshuhudia nini wewe?" Imara akamwuliza bibi.

"Bado."

"Bado," Imara akarudia, kama mtu anayeonja chakula cha utotoni. "Inaruhusiwa?"

"Sijui. Kuna kuni hapa?"

Akachemsha maji. Akatia chumvi, akachana kanga moja, akaanza na mgongo wa Nimeinuka. Mambo aliyoyajua yalikuwa ya nusu ya kozi tu: kuosha, kufunga, kumgeuza mgonjwa kila baada ya muda asilalie upande mmoja, kunawa mikono kabla na baada. Aliyafanya hayo siku hiyo, akayafanya kesho yake. Imara alishika beseni kwa mkono uliopinda. Wanawake wawili walioweza kukaa walikunja vitambaa. Siku ya tatu Nimeinuka, aliyekuwa hajasema neno, alisema akiwa ameelekea ukutani, "Naumwa, bibi."

"Najua, mama. Niko hapa."

"Naumwa sana."

"Sema tu. Hapa hakuna karani."

Kila Ijumaa Subilaga alichechemea mpaka ukumbini, akasimama kwenye foleni, na zamu yake ilipofika alisema yale yale: nina kidonda, kinauma; ninamfuata Yesu; naomba mfungue lango. Kila Ijumaa walimrudisha. Watoto walianza kumwita Bibi Sehemu Mbili, wakimwigiza anavyotembea, na baadhi ya watu wazima walicheka. Kila Jumatatu karani Timilifu alileta fomu na kalamu, akaviacha kwenye dirisha, akaondoka akigonga ukuta.

Mwezi wa nne Nimeinuka alikufa. Kidonda cha mgongoni kilikuwa kimefunga kwa sehemu kubwa, lakini mapafu yalikuwa yamechoka. Alikufa adhuhuri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bibi, akiwa msafi na amegeuziwa upande anaoupenda. Katika daftari la nchi iliandikwa kwamba amesafiri.

Mwezi wa tano ndio uliomwelemea. Mvua zilianza, kuni zikawa mbichi, na kidonda chake mwenyewe kikachimba mpaka alipolala alihisi mapigo ya moyo yakiwa mguuni. Chumvi ya Atupele ilikuwa imekwisha. Jumatatu moja alasiri, wengine wakiwa wamesinzia, alisimama dirishani, akaichukua ile fomu, akaisoma. Sehemu ya tatu ilikuwa na mstari mmoja tu: Nimeshinda, sina maumivu. Akachukua kalamu. Alifikiri juu ya lango, na njia iliyo nyuma yake, na muda uliobaki katika mwili wake. Alifikiri kwamba Mungu hawezi kumtaka afe ndani ya nyumba ya watu wanaojidanganya, wakati njia iko mita mia mbili. Aliigusisha kalamu kwenye karatasi, ikaacha nukta.

"Yesu," akasema, "wewe uliomba kikombe kikuondokee. Mimi nimeomba kikombe na mguu na haya maji yanayovuja, vyote viniondokee. Hukuondolewa. Sijui kwa nini mimi niondolewe kwa karatasi."

Hakupata jibu, wala joto kifuani, wala ndoto. Alichokipata ni sauti ya mmoja wa wagonjwa aliyeamka akaomba kugeuzwa. Akaiweka kalamu dirishani, akaenda kumgeuza, na baada ya huyo kulikuwa na mwingine. Ilipofika jioni fomu ilikuwa imelowa mvua. Ijumaa alikwenda ukumbini kwa kushikilia kuta, akasema sehemu zake mbili, na siku hiyo hakuna mtu mzima aliyecheka.

Ijumaa iliyofuata, Nimeona alitoka kwenye kiti cha viongozi wa wageni akaingia foleni. Alikuwa ameitwa hati yake ipitiwe upya. Alisimama mbele ya Baraza, uso wake ukiwa umeelekea kidogo pembeni ya walipokaa.

"Bwana Nimeona," Mama Ushindi akasema, "soma sehemu yako ya tatu, tuithibitishe."

"Sioni," akasema. "Mwaka wa nane. Na ninamfuata Yesu. Hizo ndizo sehemu zangu."

Watu wa nyuma walisimama kumtazama. Mjumbe mnene akasema hati inasema anaona, na hati ni ya Baraza. Nimeona akaitoa hati mfukoni, akauliza nani amshikie, maana yeye hajui meza iko wapi. Karani Timilifu akainuka kuipokea. Alipofika katikati ya ukumbi kikohozi kilimpata akiwa hana muhuri mkononi, akakohoa kwa urefu mbele ya watu wote, akainama, akaegemea bega la Nimeona mpaka kilipopita. Kikao kiliahirishwa kwa sababu ambayo haikuandikwa, na tangu jioni hiyo Nimeona akawa anakwenda Nyumba ya Waliochelewa kumsaidia bibi kugeuza wagonjwa.

Jumatano yake, saa sita mchana, Mama Ushindi alikuja Nyumba ya Waliochelewa kukagua. Aliwapita wote polepole, kiganja shavuni. Alimkuta Subilaga akiosha mguu wake mwenyewe, akasimama akitazama bila kugeuza uso.

"Unauma namna gani?" akauliza.

"Kama jino," bibi akasema, kwa sababu ndivyo ulivyouma.

Mama Ushindi akakaa chini, pale pale kwenye sakafu, na gauni lake la kikao.

"Miaka minne," akasema. "La nyuma kabisa. Nilishuhudia kabla sijawa mwenyekiti. Ningesemaje tena?"

"Fungua kinywa, mwanangu, nione." Bibi akatazama, akapiga ulimi. "Hili si la kuombewa tu. Ling'olewe. Hamna mng'oa meno nchi nzima?"

"Yupo. Tulimnyang'anya kazi. Anauza vioo."

"Mwite."

Muuza vioo alikuja na koleo lake, ambalo hakuwahi kulitupa. Imara alikishika kichwa cha mwenyekiti kwa mkono ulionyooka, na ule uliopinda akauweka begani mwake. Iliuma, na Mama Ushindi akasema inauma, kwa sauti, mara kadhaa, na hakuna aliyemwandika.

Ijumaa alikaa mbele ya Baraza na mikono yote miwili mezani. Wajumbe sita walimtazama, wakatazamana, hawakujua waweke wapi viganja vyao. Subilaga alisema sehemu zake mbili kwa mara ya ishirini na mbili.

"Baraza halikubali ushuhuda wa sehemu mbili," Mama Ushindi akasema. "Sheria ni ile ile, na mimi peke yangu siwezi kuibadilisha. Ila nimesoma kitabu tangu ukurasa wa kwanza. Lango la mashariki halikujengwa na Baraza. Lilikuwepo. Sisi tulilipaka rangi tu. Kwa hiyo bibi haombi ruhusa kwetu. Anatuomba tutoe rangi."

Mwanaume wa sauti nyembamba alipinga mpaka saa tisa. Kisha kura zikapigwa, nne kwa tatu, na watu wakaenda ukutani. Imara alikwangua rangi kwa mwiko, akitumia mkono wa kushoto. Waliondoa benchi. Lango lilipofunguka lilitoa kelele nyingi, na nyuma yake palionekana njia ya mawe inayopanda, nyembamba, na upepo ukaingia.

"Nilidhani hakuna kitu," Mama Ushindi akasema.

"Kipo," Subilaga akasema. "Kina mlima."

Akafunga kitambaa upya. Kisha akamgeukia Nimeona. "Twende, mwanangu. Njia ni yako pia."

"Ni yangu," Nimeona akasema. "Lakini saa kumi nina watu kumi wa kugeuza, na mmoja amechubuka kiuno. Nadhani mimi yangu inapita humo ndani kwanza."

"Basi nawa mikono kabla na baada."

"Kabla na baada," akasema. Akamshika kiwiko, akamvusha kizingiti, kwa sababu hapo kulikuwa na jiwe na yeye alilijua kwa hatua.

Habari za watu hawa zilivyokuja kujulikana ni hizi. Sheria ya Tayari haikufutwa. Kila Ijumaa sasa kuna foleni mbili, ya sehemu tatu na ya sehemu mbili, na ya pili ni ndefu zaidi. Mama Ushindi aliondolewa kwenye uenyekiti mwaka uliofuata kwa kura tano kwa mbili. Anachota maji ya Nyumba ya Waliochelewa asubuhi. Aliyemrithi huweka mikono mifukoni, na wajumbe wote huweka mikono mifukoni. Karani Timilifu alikufa kwa mapafu, na ndiye wa kwanza katika daftari la nchi kuandikwa kwamba amekufa. Aliomba mwenyewe iandikwe hivyo. Imara hujenga kwa mkono wa kushoto, polepole, na ukuta wake hauko wima sana. Muuza vioo amerudia meno. Nimeona hakupata kuona tena. Hufua vitambaa, huhesabu wagonjwa kwa sauti ya pumzi zao, na watu kumi na watatu wamepita lango la mashariki baada ya kukaa chini ya mikono yake, wanne kati yao wakiwa wazima.

Atupele alipata habari za mkwewe kwa mpita njia mwaka wa pili. Alikaa chini kwa muda, kisha akaenda kuondoa nguo zilizokuwa juani.

Subilaga alipanda kwa miezi saba na siku chache. Mguu haukupona. Ndugu wawili wafyatua matofali, waliokuwa wakiifuata njia ile ile, walimkuta asubuhi moja ameketi, mgongo juu ya mwamba na uso umeelekea juu, kitambaa kimefungwa vizuri, amekwisha kufa. Waliangalia alipokuwa amefika, wakaona hata wao vijana wasingefika hapo kwa mguu kama ule. Walimzika kando ya njia, wakanywa maji, wakaendelea kupanda.